Kipande cha Babu

Mwaka 2015 nilikaa kwenye benchi la mbao nje ya ofisi moja ya serikali huko Kwale, kusini mwa Mombasa, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana. Nilikuwa mwandishi mchanga. Mhariri alikuwa amenituma nilete stori ya maneno 400 kuhusu watu wasio na vitambulisho, na kusema kweli nilikuwa nishaiandika kichwani kabla hata sijashuka matatu: serikali imezembea, wananchi wanateseka, mwisho wa habari.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja mwenye leso mbili, moja kiunoni na nyingine kichwani. Kando yake alikuwa mjukuu wake, msichana wa miaka 19 aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kupata alama za kumpeleka chuo. Mwisho wa benchi alikaa mama mwingine, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye kila mtu pale, hata askari wa langoni, alimwita Mwalimu tu. Yeye hakuwa na shida ya kitambulisho. Chake kilikuwa ndani ya mkoba. Alikuja kuwasindikiza wenzake.

Zamu yao ilipofika niliomba ruhusa nikaingia nao. Bibi alifungua fundo la leso yake polepole, akatoa mkebe mdogo wa bati ulioshika kutu, na ndani ya mkebe akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imezungushiwa nailoni.

"Marehemu mume wangu alikuwa hapa tangu zama za Mzungu," alisema. "Kipande chake hiki hapa."

Karani alikuwa kijana, huenda nilimzidi mwaka mmoja au miwili. Lazima nimpe haki yake: aliifungua ile karatasi kwa adabu, kama mtu anayeshika kitu cha mwenyewe. Akatazama alama za vidole. Akasoma majina ya mashamba na wino uliofifia. Halafu kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja.

"Shosho, hapa imeandikwa mzee alikuwa Mmakonde. Wamakonde ni watu wa Msumbiji. Hii inaonyesha hamkuwa wa hapa."

Bibi alimtazama kwa muda.

"Mwanangu," akasema, "hiyo inaonyesha alikuwa hapa."

Walirudishwa nyumbani siku ile, wakaambiwa walete ushahidi zaidi. Stori yangu ya maneno 400 ilitoka gazetini, na kesho yake gazeti lenyewe likafungia watu mahamri. Lakini zile sentensi mbili hazikuniachia. Karatasi moja, macho mawili, majibu mawili, na kila mmoja alikuwa amesoma kilichoandikwa. Ilinibidi nirudi nyuma nijue karatasi ile ilitoka wapi, na nani aliiandika, na aliiandika kwa sababu gani.

Tuanze na neno. Kipande ni sehemu ya kitu kizima: kipande cha mkate, kipande cha kitambaa, kipande cha shamba. Ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, wafanyakazi wa mashamba ya mkonge waliliita hivyo kadi ya kazi ambayo siku zao zilitiwa alama moja moja mpaka zifike 30. Kwetu Kenya neno lilichukua njia nyingine, na mpaka leo halijatoka mdomoni mwa watu. Kitambulisho ndicho Kiswahili cha taarifa ya habari. Lakini polisi akikusimamisha saa nne usiku ukitoka kazini, hasemi Kiswahili cha taarifa ya habari. Atakuuliza: "Kipande iko wapi?" Na wewe mkono utaenda mfukoni kabla akili haijafika.

Sheria iliyoleta kipande Kenya ilipitishwa 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vyenyewe vikaichelewesha, kwa sababu wanaume waliotakiwa kusajiliwa walikuwa wakibeba mizigo ya jeshi la Mwingereza katika kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, jina ambalo ndimi zetu zililigeuza kuwa Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Wapagazi kwa maelfu hawakurudi, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Waliorudi walikuta shukrani yao inawasubiri. Kuanzia 1919 na 1920, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kusajiliwa, achukuliwe alama za vidole, na abebe kipande popote aendapo nje ya eneo alilotengewa na serikali.

Ndani ya kipande mliandikwa jina, kabila, wilaya, chifu wa mtu, halafu orodha ya waajiri: nani alimwajiri, lini, kwa mshahara gani, na lini alimwachilia. Kilitiwa ndani ya mkebe wa bati wenye kamba, mkebe ukavaliwa shingoni. Wapo wazee waliokifananisha na kengele ya mbuzi, ile anayofungwa ili mwenyewe ajue yuko wapi.

Ukitaka kuelewa ubaya wake usikitazame kama karatasi. Kitazame kikifanya kazi. Chukua kibarua katika shamba la Mzungu, mahali kama Thika. Ameahidiwa mshahara huu, analipwa ule. Au nyapara anampiga. Anataka kuondoka. Hawezi kubeba virago vyake akaenda zake hivi hivi, kwa maana mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia, yeye ni mtoro, na utoro ulikuwa jinai. Alama zake za vidole ziko Nairobi. Atatafutwa, atashtakiwa, atapigwa faini au atafungwa. Na hata akiachiliwa kwa wema, mwajiri wa pili ataanza kwa kusoma alilipwa ngapi na yule wa kwanza. Kwa nini amwongeze hata senti? Kipande kiliondoa kitu kimoja ambacho maskini hubaki nacho baada ya kunyang'anywa vingine vyote, yaani uwezo wa kusema "sitaki" na kuondoka.

Mzungu hakubeba kipande. Mhindi hakubeba. Mwanamke Mwafrika pia hakubeba, kwa sababu sheria haikumhesabu kuwa kibarua, ingawa wanawake na wasichana walikuwa wakilazimishwa kwenda kuchuma kahawa mashambani. Hilo la wanawake tulishike, tutalirudia sasa hivi.

Nilisoma Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa miaka minne nilipita Barabara ya Harry Thuku karibu kila siku, nikienda darasani, nikitoka darasani, nikienda kutafuta chapati na maharagwe. Jina la Thuku nililijua kutoka shuleni. Nilichokuwa sijui ni kwamba nilikuwa natembea juu ya mahali penyewe.

Thuku alikuwa kijana aliyefanya kazi ya simu katika idara ya hazina ya serikali. Mwaka 1921 walowezi walipoamua kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, yeye na wenzake walianzisha chama, na malalamiko yao yalikuwa ya mambo ya kila siku: mshahara, kodi ya nyumba, kazi ya kulazimishwa kwa wanawake na wasichana, na kipande. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Tarehe 16 maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa. Viongozi kadhaa walienda kuzungumza na serikali, wakarudi wakiwaambia watu watawanyike. Wanaume wakaanza kuondoka.

Hapo ndipo alipojitokeza Mary Muthoni Nyanjiru. Aliinua nguo yake mbele ya umati, tusi zito kuliko yote ambayo mwanamke wa Kikuyu angeweza kuwatupia wanaume, akawaambia kama ni hivyo wachukue nguo yake nao wampe suruali zao. Wanawake wakapiga vigelegele wakasonga mbele kuelekea kwenye bunduki. Askari wakafyatua. Ikaelezwa kwamba hata Wazungu waliokuwa wameketi barazani kwenye hoteli ya Norfolk nao walipiga risasi. Serikali ilihesabu waliokufa 21. Walioshuhudia wakasema ni wengi kuliko hapo. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, na ikapita karibu miaka 9 kabla hajarudi kwao. Ngũgĩ wa Thiong'o aliliweka tukio hili ndani ya riwaya yake *A Grain of Wheat* ya 1967, na wasomaji wengi wa rika langu tulikutana nalo pale kwanza.

Nikirudi kwenye lile benchi la Kwale, ninachokiona katika kisa cha Nyanjiru ni hiki: hakuwa na kipande. Hakuna polisi angemsimamisha kumuuliza. Alikufa akipinga mzigo ambao hakuubeba yeye, mzigo uliokuwa shingoni mwa wanaume wa kwao. Alikuja kuwasindikiza wenzake.

Kuna kisa kingine ambacho hatusimuliani sana, labda kwa sababu hakuna risasi ndani yake. Baada ya Vita vya Pili, kelele za Waafrika dhidi ya kipande zilikuwa kubwa mno. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ikapitisha sheria mpya ya kusajili watu wote, wa rangi zote, kwa alama za vidole. Usawa, hatimaye! Walowezi wakawaka moto. Alama za vidole ni za wahalifu, walisema. Haiwezekani muungwana atiwe wino vidoleni kama mwizi. Ikaundwa tume chini ya Sir Bertrand Glancy, na ripoti yake ya 1950 ikapata dawa: anayeweza kujaza fomu kwa Kiingereza na kutia sahihi aruhusiwe kuleta picha badala ya vidole. Sheria haikutaja rangi popote. Haikuhitaji.

Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu maktabani, halafu kicheko kikaisha. Kwa miaka 30 Waafrika walitiwa wino vidoleni na serikali haikuona kwamba wanadhalilishwa. Ilitosha kumwomba Mzungu mara moja tu, na serikali nzima ikatambua kwamba kumbe ni aibu.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Kipande cha shingoni kilikuwa kimeshaondoka, lakini swali lake lilibaki, limebadilisha nguo tu. Mkoloni aliuliza: wewe ni kibarua wa nani? Sasa tukaulizana: wewe ni mtu wa wapi? Katiba ya uhuru ilimpa uraia moja kwa moja yule aliyezaliwa Kenya ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Wengine walitakiwa kwenda kuomba. Kwa wakili mjini hilo lilikuwa jambo la fomu. Kwa mkata miwa asiyejua kusoma, anayeishi kambini ndani ya shamba, habari ya fomu haikumfikia, na kama ilimfikia haikumwambia chochote. Yeye alijua yuko Kenya kwa sababu alikuwa Kenya.

Wanawake wakaendelea kusubiri. Ni mwaka 1978 ambapo sheria ilirekebishwa na wanawake nao wakaanza kusajiliwa. Hesabu mwenyewe: miaka 56 tangu Nyanjiru aanguke. Na angalia jinsi mambo yalivyogeuka. Katika miaka ile 56 karatasi ilikuwa imeacha kuwa mnyororo, imekuwa ufunguo. Waliokuwa hawana ndio waliokuwa wamefungiwa nje.

Tangu hapo historia ya kitambulisho chetu ni historia ya nani anaulizwa mara mbili. Mnamo Novemba 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali waliamriwa kupigwa msasa, na waliopita wakapewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, ya kuonyesha kwamba kadi yao ya kwanza ni ya kweli. Wanubi wa Kibra, ambao babu zao waliletwa kutoka Sudan kama askari wa Mwingereza, waliendelea kusimamishwa mbele ya kamati za wazee ili kuthibitisha kwamba wao ni watu wa hapa. Mwaka 2011 kamati ya wataalamu ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi. Katiba yetu ya 2010 yenyewe inasema, kifungu cha 12, kwamba kila raia ana haki ya kupata hati za utambulisho. Lakini katiba haikai dirishani. Dirishani anakaa karani, na karani ana maagizo, ana foleni, na ana mashaka yake aliyoyarithi bila kujua ameyarithi kwa nani.

Wamakonde walikuja pwani ya Kenya kutoka Msumbiji, wengi kuanzia miaka ya 1930, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, kama yale ya Ramisi. Mwingereza aliwahitaji. Wengine walifuata baadaye wakikimbia vita vya ukombozi dhidi ya Mreno. Walikata mkonge, walichonga mpingo, walizaa, walizika. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli wenyeji walipona: sukari ilitoka, mkonge ulisafirishwa. Kiwanda kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi ikaisha, na mtu akabaki kama chombo ambacho mwenyewe amesahau kukirudisha.

Niliporudi Kwale mara ya pili, bila mhariri kunituma, ni Mwalimu niliyemtafuta. Alinikaribisha ukumbini kwake akanionyesha daftari kubwa la jalada gumu. Alikuwa amelipiga mistari kwa rula kama rejesta ya darasa. Safu ya kwanza jina. Ya pili umri, wa kweli au wa kukisia. Ya tatu shamba walilofanyia kazi wazazi. Ya nne karatasi zilizopo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya shule, risiti ya kodi. Safu ya mwisho ilikuwa pana kuliko zote, na juu yake aliandika: Nani anamkumbuka.

"Hiyo ndiyo kubwa," aliniambia. "Wengi hawana karatasi. Lakini hakuna mtu asiye na jirani."

Kwa hivyo kazi yake ilikuwa kutembea. Alienda kwa mkunga mzee kuuliza ni mwaka gani alimzalisha mama fulani, kabla au baada ya mvua kubwa. Alienda shuleni kupekua rejesta zilizoliwa na mchwa. Alienda kwa Mdigo jirani, mwenyeji asiyetiliwa shaka, kumwomba aje dirishani aseme kwa mdomo wake kwamba huyu nimekua naye. Nauli alitoa mwenyewe, na chai ya asubuhi, maana mtu mwenye njaa huondoka kwenye foleni saa nne. Nilimuuliza kama yeye ni msaidizi wa kisheria, wale wanaofundishwa na mashirika. Akacheka.

"Mimi si wakili, mwanangu. Mimi nasindikiza."

Nilidhani anajishusha. Baadaye nikaelewa ni maelezo kamili ya kazi. Nilipokaa naye zaidi niliona kwamba yule yule karani, katika ofisi ile ile, alizungumza kwa namna moja na mtu aliyekuja peke yake na kwa namna nyingine na mtu aliyekuja na Mwalimu. Sheria ilikuwa moja. Kilichobadilika ni kwamba palikuwa na shahidi kwenye benchi, mtu mwenye daftari, ambaye angerudi Jumatatu.

Na usidhani ni kitambulisho tu kwa ajili ya kitambulisho. Bila hiyo kadi husajili laini ya simu, kwa hivyo M-Pesa yako iko kwa jina la jirani, na siku mkigombana pesa ni zake. Huwezi kufungua akaunti. Huwezi kupiga kura. Huwezi kuingia kwenye majengo mengi ya serikali, hata yale unayoenda kuombea kitambulisho. Mtoto wako anapozaliwa, cheti chake kinaanza na shimo mahali pa jina lako. Yule msichana wa kwenye benchi alikuwa ameitwa chuoni kusomea uuguzi. Mkopo wa serikali wa elimu ulitaka namba ya kitambulisho. Nafasi ilimsubiri, ikachoka, ikaenda.

Mnamo Oktoba 2016, Wamakonde wapatao 300 walifunga safari kutoka Kwale kwenda Ikulu ya Nairobi, karibu kilomita 500, wakiandamana na watetezi wa haki za binadamu. Bibi hakuweza, magoti yalikataa. Mjukuu alienda, amevaa ndara, na mkebe wa babu yake ndani ya mkoba. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea tarehe 13 Oktoba, akawaomba radhi kwa kusubiri kwao, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Zoezi la kuwasajili lilipofika vijijini, maofisa walihitaji kujua nani ni nani. Orodha ilikuwepo tayari, imepigwa mistari kwa rula.

Desemba hiyo vitambulisho vilitolewa. Februari 2017 Wamakonde wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wengine wamefuata: Washona mwaka 2021, Wapemba mwaka 2023. Mnamo Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia sahihi agizo la kukomesha msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani kaskazini. Kila mara tunapiga makofi, na ni haki kupiga. Lakini ukitazama vizuri, kila mara dhulma hii inaondolewa kabila moja kwa wakati, kwa tangazo, kwa hisani ya mkubwa. Mfereji unazibuliwa mahali ulipofurika, bomba halibadilishwi. Bado tunaanza na mashaka, halafu anayetiliwa mashaka ndiye anayelipa nauli ya kuyaondoa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo tulivyofundishwa. Sisi tumekuwa hodari wa ile nusu ya kwanza.

Nimeulizwa na marafiki kwa nini ninapoandika kuhusu haki narudi kwa watu wadogo kama Mwalimu, badala ya mabunge na mahakama. Si kwamba mahakama hazina kazi. Zinayo, na sheria mbaya haiondolewi na chai na mahamri. Ni kwamba nimesoma habari za kipande tangu 1915, na sijaona hata mwaka mmoja ambapo serikali iliamka asubuhi ikaona kosa lake yenyewe. Kila mara kulikuwa na mtu ambaye hakulazimika kuwepo, akawepo. Nyanjiru nje ya kituo cha polisi. Mdigo dirishani akisema nimekua naye. Bila hao, hakuna kesi ya kupeleka mahakamani, wala hakuna orodha ya kumpelekea rais.

Bibi alipata kitambulisho chake akiwa na zaidi ya miaka 80, umri wa kukisia. Alikitumia mara mbili. Mara ya kwanza kusajili laini ya simu kwa jina lake mwenyewe. Mara ya pili tarehe 8 Agosti 2017, kupiga kura, mara yake ya kwanza na ya mwisho. Alifariki kabla ya uchaguzi uliofuata. Cheti chake cha kifo kina namba.

Mjukuu hakurudi kwenye uuguzi. Ana kibanda cha M-Pesa karibu na stendi, amekipaka rangi ya kijani, na mwaka jana nilipita nikamkuta kazini. Kama mjuavyo, wakala hawezi kukupa pesa kabla ya kukuomba kitambulisho na kukuandika kwenye daftari lake. Nilisimama kando nikamsikiliza akiuliza, mteja baada ya mteja: "Kitambulisho?" Anauliza kwa upole, lakini anauliza.

Kisha akaja kijana wa kama miaka 20, mvuvi, ametumiwa pesa kwa simu ya shemeji yake. Hakuwa nacho. Akaanza kujieleza, mara kimepotea, mara kiko nyumbani, vile watu hujieleza wakiona aibu. Msichana akafunga daftari la M-Pesa, akavuta jingine kutoka chini ya meza. Niliitambua ile mistari ya rula.

"Jina la babako nani?" akamuuliza. "Na pale kwenu, nani anawakumbuka?"

Alhamisi iliyofuata alifunga kibanda. Nilipompigia simu kumjulia hali aliniambia hawezi kuzungumza sana, yuko kwenye benchi na watu.